Pua ya Evangelina

Mzee Nolasco alitafuna, akasita, akameza kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akaisukuma sahani yake pembeni taratibu.

Ilikuwa zamu ya nyumba ya Kahigi kupokea jumuiya. Sala zilikuwa zimekwisha, majirani wa Ihembe wamekaa kwenye mabenchi na mikeka, na mbele yao ndizi na utumbo vinafuka mvuke. Kwa kawaida hapo ndipo maongezi hukatika, maana utumbo wa Evangelina, mke wa Kahigi, ulisifiwa mpaka Kihanga. Leo yalikatika kwa sababu nyingine.

"Mwanangu," Mzee Nolasco alisema kwa sauti ya chini, "huu utumbo uliuosha?"

"Niliuosha, mzee wangu. Nimeukwangua mwenyewe tangu asubuhi."

"Basi labda ni pua yangu. Uzee huu."

Hakuna aliyemuunga mkono kuhusu uzee. Mama mmoja alikuwa ameshaufunika utumbo wake kwa ndizi. Mwingine aliomba maji, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Mama Xaveria, mama mkwe wa Evangelina, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba hilohilo la migomba, hakuzungusha maneno.

"Unanuka zizi," alisema. "Na chumvi ametia mtu mwenye hasira."

Evangelina alisimama pale na jagi mkononi, mwanawe Adela amelala mgongoni. Akachukua kipande kwenye bakuli, akatafuna. Hakusikia zizi. Hakusikia chumvi. Ilikuwa kama kutafuna kitambaa cha moto kilicholowa.

"Samahanini," akasema. "Nitawaletea ndizi tupu na parachichi."

Balaa hilo lilianza masika. Homa ilimlaza kitandani, mafua yakamziba pua, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Alidhani ni jambo la kupita. Halafu siku moja akiwa anakaanga kahawa, akauinamia moshi wake, hakupata kitu. Akanusa kitunguu. Akanusa mafuta ya taa. Akanusa nepi ya Adela. Kimya. Ladha nayo ilikuwa imeondoka. Alikwenda zahanati bila kuaga, na tabibu akamwambia kwamba huwatokea watu baada ya homa kama ile. Huenda pua ikarudi polepole, huenda isirudi. Aliyemwambia habari hiyo ni mmoja tu, mdogo wake Restuta, kwao Kibingo.

Mumewe hakumwambia. Kahigi akipata watu wa kumsikiliza alikuwa na kisa chake kimoja: alivyokwenda Kibingo kwenye harusi ya watu, akala utumbo, akauliza nani kaupika, na baada ya muda mfupi akarudi na wazee kupeleka posa. "Mimi nilioa sufuria," humalizia hivyo, na watu hucheka. Zamani Evangelina naye alicheka. Tangu masika, kisa kile kikianza alitafuta la kufanya jikoni.

Wageni walipoondoka, Kahigi alikunja mikeka peke yake, hakusubiri kusaidiwa.

"Umenifedhehesha, Mama Adela."

"Najua."

"Juzi maharage yalikuwa chumvi tupu. Ukanitilia kwenye chai maziwa yaliyochacha. Leo na haya, mbele ya jumuiya nzima. Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona unanipikia kama mfungwa?"

Maneno yalimfika Evangelina mdomoni kabisa. Akawaza kesho yake: Mama Xaveria akizunguka kijijini na habari kwamba mwanawe ameoa mwanamke asiyejua kilichooza na kilicho kizima. Akayameza.

"Nitakuwa makini zaidi."

"Hilo ulilisema kwenye maharage."

Tangu hapo Kahigi akaanza kurudi ameshiba. Evangelina alikuwa akipika kwa kijiko sasa, chumvi anaipima kama dawa, ndizi anazibonyeza kwa kidole. Anapakua, anafunika, anasubiri. Mwanamume anaingia, ananawa miguu.

"Chakula kipo mezani."

"Nimekula kwa mama."

"Na jana?"

"Jana pia. Kula wewe."

Kula nini sasa? Yeye mwenyewe alikuwa anakula ili Adela apate maziwa tu. Siku moja akiwa anapima chumvi, Mama Xaveria akaingia jikoni kuazima ungo. Akaongea, akauliza, akashauri, akatoka, na Evangelina akabaki na kijiko kitupu mkononi, hajui kama chumvi imeshaingia au imemwagika. Angeonja, lakini aonje kwa ulimi gani? Alikitupa kijiko ukutani. Adela akaanza kulia, naye akakaa chini akalia pamoja naye.

Jioni hiyo simu yake ilikuwa juu ya meza, na Kahigi ndiye aliyekuwa karibu. Ikaita mara moja, ikawaka. Ujumbe ulitoka kwa Restuta:

"Dada mwambie mumeo ukweli kabla hajajua mwenyewe. Mambo haya hayafichiki."

Kahigi aliusoma. Akausoma tena.

"Mama Adela. Ukweli gani?"

Evangelina aligeuka na taa mkononi, akaiona simu, akaona uso wa mumewe.

"Ni mambo yetu mimi na Restuta."

"Mimi ndiye mumeo ninayetajwa hapa. Ukweli gani?"

"Baba Adela, nipe simu."

"Ni nani?"

"Nani, nani?"

"Huyo mwanamume."

Evangelina alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka kama chafya. Hapo akawa ameharibu zaidi.

"Unacheka," Kahigi alisema polepole. "Sasa naelewa. Mtu akili yake ikiwa kwingine, chumvi ataikumbuka saa ngapi?"

"Unalijua unalolisema?"

"Niambie basi mimi mjinga."

"Kama umeshaamua kuna mwanamume, mimi nikuambie nini? Si umeshajijibu."

"Sawa. Kesho nampigia baba yako. Utakwenda Kibingo upumzike, mpaka utakapokumbuka umeolewa na nani."

Alisema hivyo akatoka, akaenda kuifunika kahawa iliyokuwa juu ya turubai, ingawa ilikuwa imeshafunikwa. Evangelina alibaki na taa yake. Angeweza kumfuata na kumaliza yote kwa sentensi moja. Lakini hasira ilikuwa imemshika, na hasira ya mtu aliyeonewa ni nzito kuitua.

Asubuhi alifunga begi. Kisha, kwa sababu asizozijua sawasawa, akaenda buchani akanunua utumbo. Labda alitaka kuondoka akiwa amepika vizuri. Aliumwagia maji ya moto, akaukwangua mpaka weusi ukatoka, akausugua kwa chumvi na ndimu, akauosha, akauosha tena. Zamani pua ndiyo iliyomwambia: maji ya kwanza yakishachemka na harufu ya zizi ikapungua, mwaga, tia mengine. Safari hii alikisia. Akaubandika kwenye mafiga, akachochea kuni, akakaa kwenye kigoda kuupa moto mgongo, akampigia mdogo wake.

"Restu, nimefunga begi."

"Umemwambia?"

"Meseji yako ameisoma. Anasema nina mwanamume."

"Mungu wangu. Si ndiyo umwambie sasa, dada?"

"Nimbembeleze mtu anayeniona malaya?"

"Dada, hayo maringo yanakusaidia nini? Unaumwa. Mtu anayeumwa anamwambia mwenzake."

"Siumwi. Nimepungua. Ni tofauti."

Waliongea muda mrefu, naye akaanza kulia kwenye simu. Jiko lilikuwa na moshi kama siku zote, na machozi yalimziba macho, hakuona moshi ule unavyogeuka rangi. Restuta alikuwa bado anambembeleza mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Kahigi alisimama hapo, mikono yake imejaa maganda ya kahawa.

"Mama Adela."

"Nini tena?"

"Sufuria."

"Sufuria imefanya nini?"

Kahigi alipita, akashika kifuniko kwa jani la mgomba, akafunua. Maji yalikuwa yamekauka kitambo. Utumbo wote ulikuwa mweusi, umegandamana chini kama lami, na moshi wake ukapanda mpaka darini. Kahigi mwenyewe alikohoa, akageuza uso. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa amekaa mkono mmoja tu kutoka pale.

"Mimi nimeisikia harufu nikiwa kule kwenye kahawa," alisema. "Nikajua hupo. Nikajua umeshaondoka umeliacha jiko."

Evangelina alikuwa ameshika simu tu.

"Eva, hukusikia?"

Kahigi akaleta kile kifuniko, masizi na moshi na kila kitu, akakiweka chini ya pua ya mkewe. Macho yake yalitoa maji, lakini uso haukukunjamana.

"Unasikia nini?"

"Joto," Evangelina alisema. "Nasikia joto tu."

Kwenye simu sauti ndogo ikasema, "Shikamoo, shemeji. Ukweli wenyewe ndio huo." Kisha Restuta, ambaye alikuwa na akili zake, akakata.

Kahigi akakaa chini palepale penye majivu.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya masika. Harufu na ladha vyote."

"Na miezi yote hii unapika hivyohivyo?"

"Ningefanyaje? Ningepika kwa pua ya nani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulioa sufuria. Unawaambia watu kila mkikutana."

"Ile ni ya kuchekesha watu, Eva."

"Mimi sicheki."

Kahigi aliyasugua yale maganda mikononi.

"Nikuambie ilivyokuwa. Ile sahani ya kwanza kule harusini niliila. Nikarudi jikoni kutaka nyingine. Ukaniambia, 'Kaka, mlango huu si wa wageni,' ukanipakulia huku umenuna. Ile ya pili nilikuwa nimeshiba. Niliwapa mbwa."

"Uliwapa mbwa utumbo wangu?"

"Nilitaka nikuone ukinuna tena. Hilo siwezi kulisimulia mbele ya Mzee Nolasco."

Evangelina aliyafuta macho kwa ncha ya kanga. Kama Kahigi alitegemea kicheko, hakukipata.

"Jana ulinipa mwanamume nisiyemjua."

"Nimekosa. Nisamehe."

"Ukawa unakula kwa mama yako, mimi nakaa na sufuria iliyofunikwa."

"Nimekosa hapo pia."

"Bado nina hasira, Baba Adela."

"Kuwa nayo. Ila uwe nayo hapahapa. Usiende Kibingo."

Hakwenda. Lakini begi halikufunguliwa siku hiyo, wala iliyofuata, na Kahigi alilipita pale mlangoni bila kusema neno. Siku Evangelina alipolifungua, alilifungua mwenyewe.

Jumamosi yake, Mama Xaveria alivuka shamba akamkuta mwanawe uani, ameinama kwenye karai, mikono mpaka viwiko ndani ya utumbo. Mkewe amekaa kwenye mkeka anamnyonyesha Adela, anamwelekeza.

"Hapo bado. Nasikia kwa jicho kuna weusi kwenye mkunjo."

"Wapi?"

"Geuza. Hapo."

"Kahigi waitu, mwanangu," Mama Xaveria alisema, "umelogwa?"

"Hapana, mama. Nimeoa."

Evangelina akashusha pumzi, akamweleza mwenyewe, tangu homa mpaka ile sufuria iliyoungua. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Mama Xaveria alimsikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Miezi yote nakusema," akasema mwishowe, "na wewe umenyamaza tu?"

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi." Alilitafakari hilo, na ilionekana halikumfurahisha. Akaenda jikoni bila kukaribishwa, akauinamia ule utumbo ulipochemka, akavuta pumzi. "Mwaga hayo maji. Bado. Tia mengine. Nitawaambia yakiwa tayari."

Walipika watatu, pua ya mmoja, mikono ya mwingine na akili ya Evangelina. Nyanya, vitunguu, ndizi juu yake, majani ya mgomba ya kufunikia. Wakala chini uani, sahani tatu na bakuli dogo la Adela la ndizi zilizopondwa. Kahigi alikula kama mtu aliyerudi safari, mchuzi ukimtiririka mkononi.

Evangelina alitia kipande mdomoni kwa wajibu tu, kama alivyokula vyote tangu masika. Akatafuna. Kipande cha utumbo ule uitwao kitabu kiliteleza, matabaka yake kama karatasi yakiachana moja moja juu ya ulimi. Ule wa taulo, wenye vinyweleo, ulikwaruza, ukagoma kidogo kati ya meno, kisha ukakubali. Akachukua kingine. Wali ulikuwa umemfia mdomoni, maharage yalikuwa yamemfia, lakini hiki kilikuwa na kazi ndani yake. Alikuja kushtuka sahani ni nyeupe.

Kahigi alikuwa ameacha kula, anamtazama.

"Unasikia?"

"Harufu, hapana. Ladha, hapana." Alilamba kidole. "Ila nasikia ninavyotafuna. Niongezee ule wa taulo."

Kahigi akafunua sufuria, akakoroga, akakuta wa taulo umekwisha. Mama Xaveria akaitazama sahani yake mwenyewe kwa muda. Kisha akavichukua vipande vyake kimoja kimoja, akavihamishia kwenye sahani ya mkwewe, bila kumtazama usoni.

"Meno yangu hayauwezi," alisema. "Kula, mwanangu."