Mashine ya Baba Pacha Yagoma

Baba Pacha alikuwa mfyeka nyasi wa shule ya chekechea. Alipoumia mgongo, alilala kitandani miezi minne, na mashine yake ya kufyekea ikalala stoo. Nyasi za shule hazikulala.

Siku chache kabla likizo haijaisha, mlinzi aliua nyoka uwanjani. Mwalimu mkuu akaja nyumbani. Alisema kwa upole kwamba watoto wanarudi Jumatatu, na nyasi zisipokatwa itabidi atafute mtu mwingine. Mama Pacha akamwambia atafyeka yeye. Hakuwahi kuishika ile mashine, ila kwa miaka kumi alimwona mumewe akiitumia.

Ijumaa asubuhi alivuta kamba. Mashine ikakohoa tu. Alivuta mpaka bega likamuuma. Hatimaye ikawaka, lakini kila alipoiongezea moto ilinguruma kidogo, ikazima. Mumewe akauliza kutoka dirishani ameifanya nini mashine yake. Mama Pacha aliibeba begani akaenda kwa jirani yao, fundi wa pikipiki, machozi yakimlengalenga.

Fundi alimpa kiti kwanza. Kisha akauliza petroli iliwekwa lini.

"Kabla mume wangu hajaumia," alijibu.

Fundi alifungua tangi, akanusa, akampa naye anuse. Ilinuka kama rangi ya zamani.

"Petroli ikikaa miezi mingi huharibika, dada," alisema. "Haiwaki vizuri, na inaacha utando ndani."

Walisubiri injini ipoe, wakasogea mbali na jiko lililokuwa likiwaka pale, wakaimimina ile petroli kwenye kopo lenye kifuniko. Fundi alitaka Mama Pacha afanye kila kitu kwa mikono yake.

"Kabla hujagusa kitu kingine, chomoa waya wa plagi. Hapo mashine haiwezi kuwaka ghafla ikakukata."

Alifungua plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini; ilikuwa nyeusi tii. Aliisugua kwa brashi. Kichungi cha hewa, kile kisponji kidogo cha pembeni, kilijaa vumbi na vipande vya nyasi.

"Pua imeziba," fundi alisema. "Mtu wa hivyo atakimbiaje?"

Mama Pacha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Alikifua kichungi kwa sabuni, akakikamua, akakianika mpaka kikauka kabisa. Kisha walichanganya petroli mpya na oili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Fundi alimwonya asikadirie kwa jicho, maana oili ikipungua injini hujisaga yenyewe.

Alijaza tangi, akarudisha kichungi, plagi na waya wake, akavuta kamba. Mara ya tatu mashine iliwaka. Akaiongezea moto. Haikuzima.

Nyumbani alimweleza mumewe yote. 

"Petroli ile niliiacha mimi," Baba Pacha alisema. "Na kichungi sijakiosha tangu mwaka jana. Nimekulaumu bure, mke wangu. Nisamehe."

Akamwelekeza zilipo buti zake na miwani ya kukinga macho.

Jumamosi nzima Mama Pacha alifyeka. Alipomaliza, alimimina petroli iliyobaki kwenye kopo na kuosha kichungi. Jumatatu watoto walikuta uwanja safi. Mwalimu mkuu akamuuliza Mama Pacha mumewe atarudi lini kazini.

"Akipona," Mama Pacha alijibu, "tutapokezana."