Mtungi Uliopinda

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Chiriku alipewa kazi ya kumpelekea shangazi yake chakula cha mchana ofisini. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo na bibi yake, mama wa baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alitaka kujua kwa nini sabuni ya bluu hutoa povu jeupe, na kwa nini kivuli cha mtu hakichukui rangi ya nguo alizovaa. Bibi alimjibu maswali mengi kadiri alivyoweza, na alipochoka alimwambia, "Mke mwenzangu, yaache masikio yangu yapumzike. Ndiyo niliyobakiwa nayo."

Ofisi ya shangazi ilikuwa na vyumba viwili, juu ya duka la rangi, hata ngazi zake zilinuka tapentaini. Humo watu wachache walikuwa wakitengeneza mchezo mkubwa wa video. Mchezaji wake alikuwa mlinzi wa mji ambao kengele yake imeibwa. Ilimpasa kuzunguka falme nyingi, kupigana, kupanda milima na kuzungumza na wenyeji, na ilichukua majuma mengi kabla ya kengele kupatikana. Lakini mtu hawezi kupigana tangu asubuhi hadi jioni. Kwa sababu hiyo, ndani ya mchezo huo mkubwa waliweka michezo midogo: mbio za punda, uvuvi wa mtoni, na ufinyanzi.

Ufinyanzi ulikuwa kazi ya shangazi. Alikuwa ameuhangaikia kwa miezi mingi. Alikwenda hata kwa wafinyanzi wa kweli, akachafua mikono yake, ili aone jinsi udongo unavyolegea chini ya kidole na jinsi unavyogoma ukikosa maji.

Jumamosi moja, kabla hata ya kufunua chakula, shangazi alimketisha Chiriku mbele ya skrini na kumkabidhi kidhibiti, yaani kile kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Alimweleza kwamba yeye ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza wa nje kuujaribu ufinyanzi. Kisha akamfundisha kanuni ya ofisi yao: anayejaribu hasaidiwi, na aliyetengeneza hasemi. Ili asivunje kanuni, shangazi aliketi nyuma yake na kutia peremende mdomoni. Alisema kwamba ulimi ukipewa kazi nyingine husahau kuingilia mambo ya watu.

Chiriku akaanza. Mlinzi aliingia katika karakana ya mfinyanzi mzee, akaketi penye gurudumu, mbele ya mtungi wa mfano, na udongo ukaanza kuzunguka. Ulipanda taratibu, ukabonyea kiunoni, ukafura upande mmoja kama shavu la mtu anayeumwa jino. Chiriku akacheka kwa moyo wake wote. Aliupenda mtungi ule. Akaanza kutazama huku na huku katika karakana, akitafuta mahali pa kuuweka.

Ghafla mfinyanzi mzee akasema, "Haulingani na mfano." Mtungi ukavunjika vigae, na udongo mwingine ukatokea kwenye gurudumu.

Akafinyanga tena, ukavunjwa. Akafinyanga tena, ukavunjwa. Wala hakuweza kuondoka akaendelee na safari, kwa maana lango la ufalme wa mashariki halikufunguka mpaka mtungi ulingane na mfano. Mwishowe alifaulu. Lango likafunguka, naye akapewa sarafu za dhahabu ambazo hakuzitazama. Vidole gumba vilimwuma, na hamu ilikuwa imemtoka zamani.

Aligeuka ili aseme hivyo. Akamwona shangazi yake ameinama mbele, macho yamemtoka, kama mzazi anayesubiri kusomewa matokeo ya mtihani wa mwanawe. Alimpenda sana shangazi yake. Tena alikuwa amekwisha kupanga kujigamba shuleni kwamba yeye ni mjaribu wa michezo, na aliogopa kwamba akilaumu, hataitwa tena.

"Ni mzuri sana, shangazi," alisema. "Sina la kuongeza."

Kwa furaha, shangazi aliimeza peremende nzima. Hakujiuliza ni lini mtoto yule aliwahi kukosa la kuongeza.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baada ya sifa zile, shangazi hakubadili kitu. Jumamosi iliyofuata waliitwa watoto wengine wa mtaa kuja kujaribu. Alikuwepo kijana mwembamba aliyeitwa Msumari, na wasichana wawili ndugu. Mkuu wa ofisi naye alikuja kutazama. Alikuwa mtu mpole ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni.

Msumari alivunjiwa mtungi mmoja, wa pili, akashusha pumzi kama punda aliyezidiwa na mzigo. Akauliza kama kuna njia ya kupita lango bila kufinyanga. Wale ndugu wawili walisukumiana kidhibiti, kila mmoja akimbembeleza mwenzake aendelee, hata mkubwa wao akakiweka mezani na kuomba mbio za punda.

Watoto walipokwisha kwenda zao, mkuu wa ofisi alisema bila ukali kwamba mchezo mdogo usiopendeza ni kama kijiwe ndani ya kiatu. Si kitu kikubwa, lakini humkatiza msafiri safari yake. Ikiwa hakuna awezaye kumwambia kasoro iko wapi, alisema, basi Jumamosi ijayo ufinyanzi utaondolewa.

Shangazi alisimama. "Lakini mpwa wangu aliupenda. Chiriku, mweleze mkuu."

Wote wakamgeukia. Chiriku akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, aliupenda. Mkuu akamwuliza kwa upole alipenda nini hasa. Akafikiri, akajibu kwamba alipenda rangi ya udongo. Shangazi alimtazama kwa kitambo kirefu, asiseme neno, ingawa siku hiyo hakuwa na peremende mdomoni.

Uongo ni mzigo usiopata pa kutuliwa. Juma lile Chiriku alitembea nao kila mahali. Hata hivyo, hakuacha tabia yake ya kuuliza, na sasa alikuwa na swali lililomkereketa kuliko yote aliyopata kuyauliza. Kwa nini watu walio katikati ya safari kubwa, wenye vita vya kupigana na kengele ya kuokoa, husimama kando na kuvua samaki? Wanataka nini huko?

Akaanza kuuliza shuleni, penye bomba la maji, wakati wa mapumziko. Msumari alimjibu kwamba yeye hupenda mbio za punda kwa sababu akianguka, punda humcheka, naye hujicheka, kisha wanainuka wanaendelea. Hakuna aliyeumia. Msichana mmoja wa darasa la juu alimweleza kwamba vitani mtu hukimbizwa na kila kiumbe, lakini pale mtoni hakuna anayemkimbiza. Husikia maji tu, na siku hadi siku mkono wake huzidi kuwa mwepesi. Mwingine, aliyeitwa Kobe kwa kuwa hakuwahi kufika popote mapema, alisema kwamba yeye hutaka mchezo wa kuingia apendapo na kutoka apendapo. Akilazimishwa, alisema, huona ni kazi za nyumbani, na hizo anazo tele kwa mama yake. Watoto wakacheka. Chiriku akagundua jambo moja la ajabu: hakuna hata mmoja aliyetaja sarafu za dhahabu.

Jioni alimkuta bibi akifuma kitambaa cha meza. Nyumbani mwao vitambaa vilikuwa vingi kuliko meza. Akamwuliza kwa nini anafuma kingine.

"Kwani nafuma kwa ajili ya meza?" bibi akasema. "Nafuma nipumzike. Na kikiisha nakitandika pale, nikipita nikione, niseme, hiki ni changu. Kina makosa yake, lakini ni changu. Wewe jaribu kukifumua kila nikikosea tundu moja, uone kama sitakuchoma sindano."

Chiriku akaukumbuka ule mtungi wake wa kwanza, wenye shavu la jino bovu, jinsi ulivyopasuka kabla hajapata pa kuuweka. Alinyamaza kwa muda mrefu hata bibi akamshika paji la uso, aone kama ana homa.

Shangazi alikuwa jikoni akiosha vyombo. Chiriku akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani. Alifuta sahani moja mpaka ikakauka kabisa, akaendelea kuifuta.

"Shangazi," alisema mwishowe, "nilikudanganya. Mchezo wako haukunipendeza."

Mikono ya shangazi ikatulia ndani ya povu. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa utahuzunika. Na niliogopa hutaniita tena."

"Sikukuita uje unifurahishe," shangazi akasema kwa ukali. "Ningetaka kufurahishwa, ningenunua kasuku. Nilikuita kwa sababu mtoto wa nyumba hii huuliza kila kitu, nikajua ataniuliza na mimi. Haya, sema sasa."

Chiriku akasema, na alipoanza hakukomea njiani. Alimweleza kuhusu lango linalomlazimisha mtu, na kuhusu mapumziko ambayo si mapumziko. Alimsimulia habari za punda na mto, na kitambaa cha bibi. Mwisho kabisa akasema, "Mtungi wangu wa kwanza niliupenda. Ulipinda, lakini niliufinyanga mimi. Mchezo wako ukauvunja."

Shangazi alivuta kigoda, akaketi, mikono ikimdondoka maji. Alirudia maneno yale ya mwisho polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta alioupapasa usiku kucha. Ndipo akasema kwamba yeye amesamehe. Lakini uongo haukusemwa mbele yake peke yake. Basi kesho, baada ya masomo, Chiriku ataupeleka ukweli mahali pale pale alipouacha uongo.

Hakuna ngazi zilizowahi kuwa ndefu kama zile za kesho yake. Chiriku alisimama mbele ya mkuu wa ofisi, akakiri kwamba alimdanganya, na kwamba kupenda rangi ya udongo kulikuwa kujificha tu. Kisha akaeleza kasoro iko wapi. Mkuu aliishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni, jambo alilolifanya kwa nadra. Akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumsifu wala hakumkemea. Alimwambia shangazi kwamba muda walio nao ni ule ule, hadi Jumamosi.

Siku zilizobaki taa za ofisi ile zilichelewa kuzimwa. Lango la mashariki lilifunguliwa kwa kila mpitaji. Mfano uliondolewa. Rafu ndefu ilijengwa katika karakana ya mfinyanzi, na mzee mwenyewe akafundishwa kuutazama kila mtungi na kuusemea neno linaloufaa.

Jumamosi ilipofika, shangazi alimleta bibi, mtu ambaye hakuwahi kugusa kidhibiti tangu azaliwe. Bibi alipanda ngazi akilalamikia harufu ya rangi, akakalishwa mbele ya skrini. Chiriku alipewa kiti cha nyuma, pamoja na peremende.

"Leo nawe umo katika kazi hii," shangazi akamnong'oneza. "Aliyetengeneza hasemi."

Bibi alianza kwa kumgongesha mlinzi ukutani, akauomba ukuta radhi. Chiriku aliuma peremende. Bibi akaketi penye gurudumu, akasukuma kijiti cha kushoto palipotakiwa cha kulia, na Chiriku akakalia mikono yake yote miwili. Udongo ukapanda, ukayumba, ukapata tumbo, ukapata na shingo, na shingo ile ikapinda kabisa kuelekea nyuma. Gurudumu likasimama. Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni.

Mfinyanzi mzee akautazama mtungi. "Huu umegeuza shingo," akasema, "kama mtu aliyesikia akiitwa." Akauweka kwenye rafu.

Bibi akacheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Punde akaingia karakanani msichana wa mji ule wa kwenye skrini, akautwaa mtungi uliopinda, akaenda nao kisimani, akateka maji. Bibi alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Amechukua wa kwangu," akasema.

Mkuu alimkumbusha kwa heshima kwamba sasa anaweza kwenda kuitafuta kengele iliyoibwa. Bibi akamjibu kwamba kengele ingoje. Yeye ana udongo kwenye gurudumu, na safari hii anataka mtungi wenye masikio mawili. Mkuu akarudisha miwani yake juu ya paji la uso. Akasema kwamba ufinyanzi utabaki.

Walipokuwa wakishuka ngazi, shangazi alimshika Chiriku bega.

"Mwanangu," alisema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulipoificha kasoro ya kazi yangu, ulidhani unanisitiri, kumbe karibu uizike kazi yenyewe. Anayekupenda hukuambia ukweli ungali na nafasi ya kutengeneza. Lakini usisahau, ulipoona umekosa, ulirudi ukasema. Hilo nalo ni gumu, na ulilifanya."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Peremende ilikuwa imebaki kipande chembamba juu ya ulimi wake. Bibi akamwuliza mbona mke mwenzake yu kimya leo, au ile homa imerudi.

"Shangazi," Chiriku akasema, "kwa nini peremende hutia baridi mdomoni, na ukiishika mkononi haina baridi yoyote?"

Shangazi akasimama ngazini, akafikiri.

"Sijui," akajibu. "Lakini twende tukatafute."