Kikohozi cha Mwamvua na Safari ya Maskati

Kila alfajiri, Mwamvua alikuwa wa kwanza kufika jikoni uani. Alipanga makumbi ya nazi kati ya mafiga, akawasha, akainama kupuliza. Mama yake, Bi Zuwena, alikuna nazi ya vitumbua, na jua halijapanda watu wa mtaa wa Makorora walikuwa wameshapita kununua. Zamani msichana huyu hakuamka hata kwa kumwagiwa maji. Sasa jiko hakukubali kumwachia mtu, na mama yake alimsifu kwa majirani.

Laiti angalijua. Mwamvua alipenda moshi wa makumbi kwa sababu jikoni kila mtu hukohoa, na hakuna anayeuliza. Kikohozi chake hakikuwa cha moshi. Kilianza kabla ya Ramadhani, Ramadhani ikaisha, na sketi yake ya shule ilimpwaya mpaka akaibana kwa pini.

Alikuwa na sababu. Baba yake, Sabiri, fundi wa majokofu, alikuwa amepata kazi Maskati, na njia za kwenda zilikuwa mbili. Ya kwanza, atangulie peke yake kwa kibali cha kazi, kisha awaite wenziwe atakapojaliwa. Ya pili, angoje kidogo, waombe ukaazi wa familia nzima na kuondoka pamoja. Sabiri alitaka ya kwanza. Bi Zuwena alikataa katakata.

"Baba yangu alitangulia Uarabuni nikiwa mdogo kama huyu mwanao Ayubu," alisema. "Akasema atatuita. Mama amekufa akingoja. Twende sote au tukae sote, Baba Mwamvua."

Sabiri akakubali. Lakini njia ile ya pamoja ilikuwa na sharti: kila mmoja apimwe afya, na mmoja akionekana na maradhi ya kifua, maombi ya wote husimama. Mwamvua aliyasikia hayo akiosha vyombo. Tangu siku hiyo mchana akakoholea jikoni, akitumaini kikohozi kitapona kabla ya siku ya kupimwa. Usiku alijiziba kwa shuka, kitanda kimoja na mdogo wake Ayubu, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu.

Siku ya kupimwa ilipokaribia, majirani walikuja kusoma dua ya safari. Hapo Bi Zuwena akafanya kosa la wasafiri wengi wa pwani: akagawa vyombo kabla ya kupata ruhusa, maana aliona haya kuaga watu mikono mitupu. Kibao chake cha mbuzi cha kukunia nazi, alichoachiwa na marehemu mama yake, alimpa jirani yao Mama Manase.

Wiki ileile Ayubu akaanza kukohoa. Mwili ukamchemka, chakula akakisukuma.

"Moshi tu huo," alisema Bi Zuwena, akimkorogea asali na tangawizi.

"Moshi gani?" Sabiri aliuliza. "Ayubu haingii jikoni tangu alipoungua na mafuta ya vitumbua."

Mwamvua alimtazama mdogo wake, mbavu zikipanda na kushuka, akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Aliona wazi kwamba akinyamaza tena, huenda wakamzika Ayubu.

"Baba, si moshi," alisema. "Ameambukizwa na mimi."

Sabiri alikaa juu ya sanduku walilokwisha kulifunga. "Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Tukasomewa dua, na wewe unajua."

Hakumpiga wala hakumfokea, na afadhali angemfokea. Bi Zuwena aliangua kilio, majirani wakaja mbio wakidhani mna maiti.

Kwenye zahanati, Muuguzi Consolata aliwapima wote wanne. Mwamvua na Ayubu walikuwa na kifua kikuu.

"Kinapona, na dawa hamlipii," aliwaambia. "Lakini ni za miezi, na hazikatizwi hata ukijiona mzima. Fungueni madirisha. Nawe binti, ungekuja mapema, huenda mdogo wako asingeugua."

Maombi ya familia yakasimama. Waajiri wa Maskati hawakuweza kungoja miezi yote hiyo, na nyumbani hapakuwa na kazi nyingine. Basi Sabiri akaondoka kwa njia ileile ambayo mkewe aliiogopa tangu utotoni. Bi Zuwena alimsindikiza mpaka barabarani bila chozi.

"Baba yangu aliaga hivihivi," alisema gari lilipopotea, akarudi ndani. Mwamvua alitamani ardhi immeze.

Kesho yake Mama Manase alileta kile kibao bila kuombwa. "Kinanikwaruza vidole tu, Mama Mwamvua," alisema. "Kinamjua mwenyewe." Vitumbua vikaanza upya. Mwamvua alikatazwa jikoni, na kila asubuhi alimeza vidonge mbele ya mama yake, akafungua kinywa kuonyesha.

Miezi ikapita, dozi ikaisha. Muuguzi Consolata alisema vifua vya watoto wote wawili ni safi. Ayubu alinenepa, akarudia kufukuza kuku wa watu. Sabiri alipiga simu kila Ijumaa. Alikuwa ameanza kuwaombea ukaazi, lakini majibu hayajatoka. Bi Zuwena alijibu "Inshallah", akaendelea kukuna nazi.

Ijumaa moja Mwamvua alishindwa kuvumilia. "Mama, nisingeugua mimi, sasa hivi tungekuwa na Baba."

Bi Zuwena aliweka kifuu chini.

"Kuugua si kosa, mwanangu. Maradhi hayapigi hodi. Kosa ni kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwetu kilio kilifika mpaka mlangoni. Safari ikikwama, hupangwa nyingine. Wewe au Ayubu mngenifia, ningempata wapi mwingine?"

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipomkataza jikoni, akamsogezea makumbi.

"Haya, washa moto. Na ukikohoa, nisikie."