Paka Hamtazami Tena Kipa

Kadi ilikuwepo. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Ennie Kapembwa. Wizi aliouzoea huacha pengo: baiskeli haipo, mbuzi hayupo, injini ya boti haipo. Hapa kitu kimeibwa, na bado kinamtazama kutoka ndani ya kabati la kioo.

"Ile si yenyewe," alisema Antoine, mwenye duka. "Yangu imeenda. Wameniachia pacha wa uongo."

Antoine aliuza vipuri vya injini karibu na bandari ya Nchelenge, lakini roho yake ilikuwa kwenye kadi. Zilikuwa kadi za wachezaji wa mpira, zile ambazo watoto huzikuta ndani ya pakiti za chingamu, ila hizi zilikuwa zimepita chini ya brashi ya Hénoc Ngoy, mchoraji wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Hénoc humvisha mshambuliaji joho la kwaya, humpa beki kasia, kisha hutia sahihi kwenye kona. Harudii kadi hata moja. Takataka ya mtoto inageuka kitu ambacho watu wa Lusaka wanakipandia basi usiku kucha.

Iliyosifika kuliko zote ilikuwa Kipa. Wavu wa goli ulikuwa umegeuzwa wavu wa kuvulia, umejaa samaki, na sura ya yule mzungu wa kwenye kadi ilikuwa imefunikwa na sura ya mtu mweusi anayecheka, mwenye mwanya katikati ya meno ya mbele. Antoine alikataza mtu yeyote kuipiga picha. Alisema picha ikizagaa kwenye simu, bei inashuka.

Jana yake mnunuzi kutoka Lusaka aliitoa kadi, akaimulika kwa tochi, akainusa, akairudisha. Kadi zote za Hénoc zimepakwa gundi anayoichemsha mwenyewe kwa vibofu vya samaki. Hii ilikuwa na vanishi ya dukani. Mnunuzi aliondoka bila hata kunywa soda aliyofunguliwa.

"Ufunguo wa kabati ni wangu na wa Obvious," alisema Antoine. "Na Obvious amevaa viatu vipya. Mwenyewe angalia."

Sajini Saviour alikuwa ameshaangalia. Obvious, muuzaji wa duka, alikuwa mahabusu tangu jana, na Jumatatu angepandishwa kizimbani. Pale bandarini, mtu akishaitwa mwizi mara moja, hakuna atakayempa ufunguo tena, hata wa choo.

Ennie alimhoji kwenye chumba kidogo kituoni.

"Viatu umetoa wapi?"

"Shemeji yangu ameacha kuvaa viatu, Ba Inspekta. Ameingia kanisa la miguu mitupu."

"Kadi iko wapi?"

"Sijui. Tena mimi ndiye wa kwanza kujua kwamba kuna kitu si sawa. Nilimwambia bosi, akanicheka."

"Ulijuaje?"

Obvious alisita. "Utacheka na wewe."

"Sina meno ya kuchekea leo. Sema."

"Ministre alikataa kumtazama."

Ministre alikuwa paka wa duka, mnene, mwenye kiburi cha cheo chake. Tangu Kipa awekwe kabatini, paka huyo alikuwa akilala juu ya kioo, pua kwenye upenyo, akimkodolea macho kana kwamba anasubiri penalti. Kisha akaacha.

"Lini?"

"Ile Jumapili mchoraji alipokuja kufuta ukungu wa mvua kwenye kioo. Kesho yake paka akahamia kwenye mifuko ya saruji."

Sajini Saviour, aliyekuwa akiandika maelezo, aliinua kalamu na kuuliza kama hilo nalo liandikwe. Ennie alimwambia aandike.

Alirudi dukani, akapanga kadi tatu za Hénoc juu ya kaunta, akamweka Kipa mwishoni, kisha akamleta Ministre. Paka alimlamba mshambuliaji. Alimnusa beki mpaka chini ya kasia. Kwa refa alifumba macho kama mtu aliye kwenye maombi. Alipofika kwa Kipa alipiga mwayo, akashuka.

"Paka si shahidi," Antoine alinung'unika.

"Hana viatu vipya, hana deni na mtu. Sahihi hii umeilinganisha na zingine?"

"Inafanana kabisa. Huyo mwizi ni fundi."

"Au ni Hénoc."

Antoine alicheka kwa dharau. Mtu hajiigi mwenyewe, alisema. Lakini alipobanwa alikubali kwamba Jumapili ile alimfungulia mchoraji kabati, kisha mteja akaja kutafuta propela, naye akampa mgongo.

Njia nzima ya kwenda Mantapala, Ennie alikuwa na shaka moja iliyomwasha. Kama ni Hénoc, mbona asipake gundi yake mwenyewe? Fundi anayejua kuiga kila kitu anasahau kitu ambacho hata paka anakijua?

Alimkuta mbele ya nyumba yake ya matofali mabichi, anachora. Karibu naye Keren, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa akijaribu gauni la harusi lililokuwa bado na pini. Hewani hapakuwa na harufu ya samaki hata kidogo. Ennie alimwomba Keren awaachie nafasi.

"Gundi umeacha kupika?"

"Ziwa limefungwa, mama. Ni marufuku kuvua mpaka mwezi wa tatu."

"Samaki wanauzwa kila kona, chini ya vitambaa."

"Weye unasema vile kwa sababu uko mutu wa hapa. Miye ni mukimbizi. Wakinishika na samaki ya marufuku, nitaenda wapi?"

Ennie aliona haya kidogo. Juzi tu alikula samaki wa chini ya kitambaa. Kisha haya ikaisha na shaka nayo ikaisha.

"Basi sikiliza, Papa Hénoc. Nchelenge nzima hakuna mtu anayeogopa kununua samaki sasa hivi. Mwizi mwingine yeyote angechemsha gundi. Yule Kipa wa vanishi amechorwa na mtu anayeheshimu marufuku. Ni wewe peke yako. Na Obvious yuko ndani kwa ajili yako."

Hénoc aliweka brashi chini. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha kitambaa. Alikifunua. Kipa alicheka, mwanya wazi.

"Sikujua wamemufunga yule kijana. Miye njo niliitosha mule kabatini, nikaibeba."

"Kwa nini? Si ungemchorea Antoine nyingine, ukaomba hii?"

"Ile sura ni ya yaya yangu, kaka mukubwa, baba yake Keren. Picha zetu zote ziliungua kule kwetu Pweto, tukikimbia vita. Nilimuchora wakati bado nilikuwa namuona kichwani. Halafu nikauza, kwa sababu tulikuwa na njaa, na nilisema nitachora ingine. Nimejaribu. Samaki zinakuja, mikono inakuja, sahihi inakuja. Sura inakuja ya mutu mwingine. Keren anaolewa. Anataka baba yake akae pale mbele, hata kwa picha. Nilimuomba Antoine picha moja tu ya simu. Akasema picha inashusha bei."

"Na sura ya ile uliyomwachia?"

"Ya mutu sijui. Yeye hakuona. Antoine anaangaliaka sahihi tu."

Jioni Obvious alitoka, na Hénoc akaingia. Wizi ni wizi. Antoine alikuja mbio kudai kadi yake, akamkuta Ennie ameilaza chini ya taa, simu mkononi.

"Usiipige picha," alisema.

"Kielelezo lazima kipigwe picha, Ba Antoine. Ndiyo sheria."

Alikwenda kusafisha picha sokoni. Moja aliibandika kwenye faili. Ya pili, kubwa, alimpa Keren, aliyekuwa amemletea baba yake mdogo chakula kituoni.

Keren aliishika kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na uso wake. Kisha akacheka, na kabla hajafunika mdomo, Inspekta aliuona ule mwanya.