Kufuli Lililofunguliwa Mapema

"Sindano, toka kwenye chumba cha seva. Hiyo ni amri," Mkuu wa idara alisema redioni.

Jasusi Sindano akapunguza sauti, akaendelea kubonyeza kompyuta yake ya ThinkPad.

Atoke aende wapi? Ilikuwa saa tisa na robo alasiri. Saa kumi kamili mdogo wake, fundi wa rada, angekabidhiwa kwa wanajeshi kama msaliti. Mara tatu mwezi ule rada ilizimika dakika nne, na mara tatu ndege ya magendo ya silaha ikapita kiulaini. Zamu zote tatu zilikuwa za binti huyo, basi wakamtia pingu. Sindano, dada yake, alilala naye kitanda kimoja utoto wote. Huyo hata kuhusu umri wake hawezi kudanganya!

Sindano aliamini kosa liko kwenye kerneli, moyo wa mfumo unaoendesha seva ya rada, pale inapopokea data za mtandao. Mafundi walilisaka wiki nzima wakaambulia patupu. Kila walipowasha logi ili mashine iandike kila hatua yake, ilienda safi kabisa.

Mshauri, bwana wa suti ya kijivu aliyeleta mfumo huo na sasa amesimama nyuma yao, alisema kwa upole kwamba mashine ni nzima, mbovu ni binti. Upole ule ulimkera Sindano mpaka meno yakamuuma.

"Nani aliwaambia muwashe logi kila mnapopima?" aliwauliza mafundi.

Wakamwangalia Mshauri.

Hapo akaelewa. Kuandika hatua kunakula muda, mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini kunaichelewesha prosesa moja, mojawapo ya bongo za mashine, isigongane na mwenzake. Waliolitafuta kosa ndio waliokuwa wakilificha.

Akazima logi kwenye seva ya akiba, akaimwagia pakiti za data maelfu kwa maelfu.

Hamna kitu.

Akarudia.

Hamna.

Mara ya tisa, seva ikaanguka chali.

Sindano akasoma alama ilizoacha. Prosesa mbili zilinyakua pakiti moja kwa mpigo. Kufuli la kuzizuia, lililoandikwa ndani ya programu, lilifunguliwa mstari mmoja mapema, kabla pakiti haijatoka kwenye foleni. Mstari mmoja tu! Tena ulihamishwa mwezi uliopita, kwa jina la Mshauri.

Suti ya kijivu ikanyata kuelekea mlangoni.

"Kaa," Sindano alisema bila kugeuka. Bastola yake ya Glock ilikuwa imeshageuka kwa niaba yake.

Akaurudisha mstari mahali pake, akaujenga mfumo upya, akaupakia kwenye seva ya rada. Redioni Mkuu alifoka kwamba amemfukuza kazi.

Saa tisa na dakika arobaini, pakiti za wenye ndege ya magendo, za kuiangusha rada, zikamiminika.

Rada haikutetereka.

Kwenye skrini, nukta nyekundu ikachomoza mpakani. Ndege mbili za kivita zikaruka, na punde rubani akatangaza: "Wametii, wanatua."

Sindano akawaachia mafundi Mshauri, amefungwa kitini kwa waya za mtandao. Akashuka ghorofa mbili, akamnyang'anya askari ufunguo, akamfungua mdogo wake. Binti akamuuliza dada yake kwa nini amehatarisha kazi, ilhali ushahidi wote ulimwelekea yeye, binti.

"Ushahidi ni wao. Wewe ni wangu."

Simu ikaita. Mkuu, sasa kwa sauti ya asali, alitaka kujua ni nani alimpa ruhusa, aandike kwenye ripoti ya pongezi.

"Andika nilikataa amri," Sindano alisema, akakata simu.

Wakatoka wote wawili kwa mlango wa mbele, bila haraka.