Chuma Kilichovunjika Pajani mwa Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jepkosgei alimshika ndama huku baba yake, Mzee Kipyego, akikamua ng'ombe. Waliishi nje kidogo ya mji wa Burnt Forest, nchini Kenya, na maziwa yao waliyauza sokoni. Hivyo ndivyo siku zilivyoanza hadi uchaguzi wa mwaka 2007 ulipoleta fujo.

Matokeo yalipotangazwa tu, vijana wenye marungu, mishale na petroli walianza kuchoma nyumba za watu walioambiwa kwamba si wenyeji. Jirani yao Jeconia, fundi wa baiskeli, alikuja mbio na mkewe na mtoto, damu ikimchuruzika usoni. Mzee Kipyego aliwaficha ndani ya ghala la mahindi. Punde si punde vijana wakafika. Baadhi yao Jepkosgei aliwajua, kwani walikuwa wateja wao wa maziwa. Walimwamuru baba yake aondoke mlangoni.

"Hakuna mtu atakayeuawa bomani mwangu," alisema.

Rungu la kwanza lilimpata begani, naye akabaki amesimama. Wakamwangusha, wakamponda paja kwa shoka lililogeuzwa kisogo. Jepkosgei, aliyekuwa amejibanza kando ya zizi, alisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Wakati huo mama yake alikuwa amebandua mbao za nyuma ya ghala na kumtorosha Jeconia na familia yake. Vijana walipokuta ghala halina mtu, walilitia moto wakaenda zao.

Katika hospitali moja ya Eldoret, madaktari waliuunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu. Baada ya miezi mingi daktari alimruhusu kurudia kazi zake.

Asubuhi moja mwaka uliofuata, Mzee Kipyego alikuwa akitoka zizini na mkebe wa maziwa, Jepkosgei nyuma yake. Kitu kikapasuka ndani ya paja lake. Alianguka akilia, maziwa yakamwagika, na ncha ya chuma ikachomoza kwenye ngozi. Daktari alipovitoa vipande vya bamba lile, alisema chuma kizima hakingevunjika hivyo, na kwamba alikuwa amewaona wagonjwa wengine walioumizwa na mabamba ya aina ileile. Jeraha lilitunga usaha. Mguu ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Kimutai, kaka yake Jepkosgei, alitaka kuwakusanya rafiki zake wakaichome bohari ya kampuni iliyoingiza vyuma hivyo nchini. Tayari alikuwa amenoa panga.

"Pale kuna bawabu na mwanamke anayefagia," baba alimwambia akiwa kitandani. "Hao ndio watakaoungua. Mimi nitadai fidia mahakamani."

Wakili aliyeitwa Angeline aliichukua kesi. Kampuni ilijitetea kwamba mzee alianguka kutoka kwenye bodaboda. Kwa kuwa Jepkosgei peke yake ndiye aliyeona yaliyotokea, aliitwa kutoa ushahidi.

Siku ya kesi, nje ya mahakama, Kimutai alimkamata Jepkosgei mkono akaubana hadi ukamuuma.

"Sema baba hakuwa amebeba kitu," alisema. "Ukitaja mkebe, watasema ni uzito wake uliovunja chuma, nawe utakuwa umemmaliza."

Hakimu alimuuliza Jepkosgei kwanza kama alijua maana ya kusema kweli. Akajibu kuwa alijua. Kisha wakili wa kampuni akasimama.

"Baba yako alikuwa amebeba nini?"

Jepkosgei alimwona Kimutai amekunja ngumi. Akamtazama baba yake, aliyekuwa ameegemea magongo. Akaushika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mkebe wa maziwa," alisema. "Ulikuwa umejaa."

Wakili yule alitabasamu. Kimutai aliinuka akitukana, polisi wakamtoa nje. Jepkosgei alishuka kizimbani akilia, akiamini amempotezea baba yake kesi.

Lakini daktari, aliyefuata kutoa ushahidi, alieleza kuwa ni yeye aliyemruhusu mzee kubeba mzigo wa kiasi hicho. Wataalamu waliolichunguza bamba wakasema lilikuwa na nyufa tangu lilipotengenezwa. Madai ya bodaboda hayakupata shahidi hata mmoja. Siku ya hukumu, hakimu alisema alimwamini mtoto huyu kwa sababu hakuficha hata jambo lililoonekana kuwaumiza watu wake. Akaiamuru kampuni ilipe fidia.

Nje, Kimutai alimwomba dadake msamaha, akashindwa kumtazama usoni. Mzee Kipyego aliwaketisha wote wawili kwenye ngazi za mahakama.

"Walionipiga hawajashtakiwa hadi leo," alisema, "na mguu huu hautarefuka tena. Lakini waliotuuzia chuma kibovu wameulizwa mbele ya watu, wakaamriwa walipe, na hakuna nyumba iliyochomwa. Jepkosgei, ungeongeza uongo hata mmoja, wangeupata huo, na ukweli wetu wote ungetupwa pamoja nao. Mwenye haki hahitaji moto wala uongo. Anahitaji kusimama aseme yaliyotokea, hata kama anatetemeka."