Ghorofa ya Mwanamina

Mwanamina binti Nasor alikuwa amekaa juu ya marobota ya leso pale sokoni Malindi, deras lake la kijani amelikunja magotini, akibishana na mteja kuhusu rangi inayochuja na isiyochuja, mtu alipomwambia kwa adabu kabisa asogee.

"Nisogee niende wapi?"

"Kidogo tu, dada. Napima njia."

Soko limejaa, wachukuzi wanapiga kelele, samaki wananuka, na huyu kijana mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi ameinama na utepe wake kati ya miguu ya watu. Mimi ningemfukuza. Mwanamina alimtazama viatu kwanza, maana vilikuwa vimeng'arishwa vikaja kukanyaga magamba ya samaki, na hilo likamchekesha.

"Unampimia nani kaburi?"

"Nakupimia wewe barabara."

"Mimi sina gari."

"Una miguu. Mpango mpya unawajali hata wenye miguu."

Mwanamina alicheka, lakini ni mdomo tu. Tangu mamake afariki, mwaka juzi, mdomo wake ulikuwa ukifanya kazi yote peke yake: unacheka, unauza leso, unamshukuru Mungu. Ndani kulikuwa kimya. Usidhani alikuwa na huzuni. Huzuni angeijua. Hakuwa na kitu.

Alisogea. Kijana akapima, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake akarudi kupima njia ile ile.

"Imekua tangu jana?" Mwanamina akamuuliza.

"Nilisahau upande mmoja."

"Njia ina pande ngapi?"

Kijana akanunua leso asiyoihitaji. Hivyo ndivyo walivyoanza, na mtu asiniulize kwa nini, maana nimeona waliokutana vizuri zaidi wakaachana kabla ya Idi.

Kijana aliitwa Ngumbao, mwana wa Mzee Dzombo wa Vitengeni, Mgiriama na Mwislamu, mfanyakazi wa ofisi ya mipango ya mji. Wakati huo ofisi ilikuwa inaurekebisha ule mpango mkubwa wa miaka ijayo: barabara zipite wapi, majumba yafike urefu gani, nani apate mitaro na nani amekwisha kupata ya kutosha. Mpango wa zamani uliujali ufuo na hoteli. Huu mpya, alisema Ngumbao, utawatendea haki hata wa nyuma kabisa, na kila mtaa utabaki na sura yake. Aliyasema hayo hata akila viazi karai. Mwanamina akaanza kumngoja, ingawa ungemuuliza angekataa.

Mchana, biashara ikilala, simu ilikuwa ikilia.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na usiniite laazizi, wateja wanasikia."

"Wanasikia simu yako?"

"Wananiona uso."

"Uso una nini?"

"Unapenda kujua mambo wewe. Enda ukapime njia."

Siku moja akamuuliza: "Hebu niambie, huko kwenu Kisimani, ungetaka nini kisibadilike?"

Kisimani ndio mtaa wao wa zamani, nyumba za mawe zilizobanana, vichochoro vya kupita watu wawili wakisalimiana. Mwanamina alifikiri kidogo.

"Uani kwetu," akasema. "Ile hoteli ikipandisha maghorofa yake, wageni watakuwa wanatutazama tukianika nguo, tukisukana nywele. Marehemu mama alikuwa akisema mtaa wetu ni wa stara. Basi tusitiri."

"Nitafanya."

"Kweli?"

"Nimesema nitafanya, kipenzi."

Siku ile, alipokata simu, Mwanamina alijikuta anapanga leso huku anaimba. Akashangaa. Alikuwa na wasiwasi, alikuwa na hamu, alikuwa na vitu vingi kwa mpigo baada ya muda mrefu wa kutokuwa na chochote, na vilimtisha.

Hiyo "nitafanya" ndiyo iliyoleta balaa.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa kitu. Kisimani binti haendi kwa mume. Mume huja. Baba akijaaliwa binti, akijenga nyumba huacha vyuma vya nguzo vimechomoza juu ya paa, na siku posa ikikubaliwa fundi huitwa, ghorofa ikapanda, na bibi harusi akahamia juu ya kichwa cha babake. Mzee Nasor alikuwa ameacha vyuma vyake tangu Mwanamina anatambaa. Kila mtu mtaani anajua ni vya nani. Mwanamina alidhani Ngumbao pia anajua, na amenyamaza kwa heshima.

Ngumbao hakujua. Kwao Vitengeni mwanamume humleta mke nyumbani kwa babake, na anayehamia kwa wakwe watu humuuliza amekosa nini. Yeye alikuwa amepanga chumba Mtwapa siku za masomo, na huko vyuma juu ya paa maana yake ni mwenye nyumba anangoja kuongeza vyumba vya kupangisha, choo kimoja kwa watu wote. Alipoviona Kisimani, aliona maghorofa yanayokuja kumchungulia mpenzi wake akianika nguo.

Siku wananchi waliposomewa mpango, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ngumbao alisimama mbele ya ramani kubwa ya rangi, shati jeupe, tai aliyofungiwa na mwenzake. Alianza na Mabatini, mtaa wa nyuma usio na mtaro hata mmoja. Mama mmoja wa huko, Pamela, kitenge cha manjano na mtoto mgongoni, akaomba kusema.

"Mvua ikinyesha sisi hubeba wagonjwa mabegani hadi lami. Nimezika mtu kwa sababu hiyo. Kama kweli barabara inakuja kwetu kwanza, mimi sina swali. Nilitaka tu niisikie mara ya pili."

Ngumbao akamsomea mara ya pili. Watu wakapiga makofi. Kisha akageukia Kisimani, akamtafuta Mwanamina upande wa wanawake, akamwona ndani ya buibui jipya, akamtabasamia mbele ya halaiki.

"Kisimani itabaki kama ilivyo. Hakuna jengo litakaloongezwa ghorofa, liwe la hoteli au la mtu binafsi. Vyuma vilivyochomoza juu ya mapaa vitakatwa."

Akangoja makofi. Mzee Nasor, kwenye safu ya mbele, alivua kofia yake iliyodariziwa, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mwanamina alihisi baridi inampanda kutoka miguuni. Ilipofika kifuani hakuhisi tena.

Simu aliipiga yeye, jioni hiyo hiyo.

"Kama hutaki kunioa ungesema. Si lazima ukatangaze ukumbini."

"Nani hataki? Mwanamina, wewe ndiwe uliyeniambia..."

"Nilijua wanaume wa kwenu hawapendi kukaa kwa wakwe. Ungeniambia mimi, tungezungumza. Lakini kumvunjia baba heshima mbele ya mji mzima?"

"Kukaa kwa wakwe wapi? Sielewi unasema nini."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa chai, akakata.

Hakupokea tena. Aliyemweleza Ngumbao ni Mzee Nasor mwenyewe, aliyefika ofisini asubuhi moja, kanzu nyeupe, bakora mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza, vile vyuma nivikate mwenyewe au mtaleta fundi wenu?"

"Mzee, hakuna haraka."

"Ipo. Nikiviona kila nikitoka kuswali, naona tabu. Vilikuwa vya binti. Kwetu mume huja. Nilidhani wewe ndiye utakayekuja." Akainuka kuondoka. "Mamake alikuwa amekwisha kuchagua hata upande wa dirisha."

Ngumbao alitaka ardhi ipasuke. Alimsindikiza mzee hadi nje, kisha akaingia moja kwa moja kwa mkubwa wake, Bi Monicah, akamweleza yote bila kuficha hata aibu.

"Ukiliondoa katazo hilo kwa ajili ya mchumba wako," Bi Monicah alisema, "kesho mwenye hoteli naye ana mabinti."

"Najua."

"Na akiruhusiwa kupandisha maghorofa, pesa za maji na barabara zinamfuata yeye. Mabatini wanangoja tena."

"Najua, Bi Monicah."

"Mpango bado uko mikononi mwako. Mimi sitakuzuia."

Alimpigia Mwanamina mpaka akapokea.

"Baba yako alikuja. Sikujua, Mwanamina. Naapa. Nilidhani ni vya kupangisha, kama Mtwapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mwanamke aanze kumtangazia mwanamume chumba kabla hajaleta posa? Ungeniona nina njaa."

"Ningekuona umenipenda."

Kulisikika mtu akiuliza bei ya leso.

"Basi liondoe hilo katazo," Mwanamina akasema.

Ngumbao alimwona Pamela akilini, amesimama na mtoto mgongoni, akiomba kusikia mara ya pili.

"Huwezi?" Mwanamina aliuliza.

"Naweza. Lakini siliondoi."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Hapana. Natamani ningekasirika."

Ukapita mwezi, ukapita mwingine. Mwanamina aliuza leso. Alipika, akala, hakujua amekula nini. Shoga zake walimsema Ngumbao vibaya ili kumliwaza, naye akawaitikia ndiyo, ndiyo, kama anayesomewa habari za mji mwingine. Fundi alikuja na msumeno wa umeme, cheche zikaruka juu ya paa, na yeye alikuwa chini anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Babake alimtazama akichambua, akaingia ndani akafunga mlango wake.

Ngumbao naye alipima njia nyingine. Mpango ulipitishwa, akapewa mkono na wakubwa, akasema asante. Rafiki zake walitaka kumfurahisha, wakampeleka Mnarani kutazama magofu na kuogelea. Aliogelea. Maji yalikuwa maji tu.

Ijumaa moja baada ya swala, mlango wa Mzee Nasor ukabishwa hodi. Alikuwa Ngumbao, kanzu ya rangi ya maziwa, jasho hadi kidevuni, na nyuma yake Mzee Dzombo aliyetoka Vitengeni alfajiri, koti la kijivu juu ya kikoi kipya. Wakakaribishwa ukumbini, mkekani. Ikaletwa kahawa, ikaletwa haluwa, wazee wakaulizana hali, mvua, mahindi, wakaulizana tena. Mwanamina alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, deras la kahawia la nyumbani, hakubadilisha.

"Tumekuja kuomba," Mzee Dzombo akasema hatimaye.

"Najua mlichokuja kuomba, ndugu yangu," Mzee Nasor alijibu. "Lakini mimi sina tena pa kumweka. Nilipokuwa napo, mwanao alikata vyuma vyake. Na binti yangu sitamtoa hapa nikabaki na kuta."

Mzee Dzombo akaweka kikombe chini, akamtazama mwanawe, tayari kuinuka.

"Basi nipeni chini," Ngumbao akasema.

"Chini wapi?"

"Hapa. Chumba chochote, hata cha uani. Nilichokata nimekikata kwa haki, mzee, na nikirudishwa pale ningekata tena. Lakini hasara isiwe yenu peke yenu. Nitakuja mimi, nikae ndani ya nyumba yako, si juu yake."

Mzee Dzombo alikuwa na watoto wa kike wanne, wote wameolewa, na mwana mmoja. Nyumba aliyomjengea Vitengeni ilikuwa imeezekwa mwaka uliopita. Alifuta midomo kwa kiganja, akaendelea kutazama kikombe.

Mzee Nasor akainuka, akaenda hadi kwenye pazia.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia."

"Wasemaje?"

Binti wa Kisimani hapo hunyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Mwanamina hakunyamaza.

"Baba, tangu mama afe sioni raha wala uchungu. Nilianza kuona, vikakatika tena. Sasa hivi ndio nimeona uchungu, mkali."

"Wa vile vyuma?"

"Wa yule mzee. Anamsikiliza mwanawe wa pekee akihamia kwa watu, na hata hakumkataza." Alilishika pazia. "Ngumbao nampenda, baba. Aje. Lakini usimwache babake akaondoka hivi."

Mzee Nasor akarudi, na badala ya kukaa kitini pake akakaa mkekani, bega kwa bega na Mzee Dzombo.

"Ndugu yangu," akasema, "mwanao akija, na wewe una kitanda hapa. Si cha mgeni. Chako. Njoo ukae unavyotaka, nami nikichoka na mji nitakuja kukaa kwako, ile nyumba isilale tupu."

Mzee Dzombo akajisugua magoti.

"Mimi magoti yangu mabovu," akasema. "Nyumba zenu za mji siziwezi. Sipandi ngazi."

"Ngazi ziko wapi? Mwanao amezipiga marufuku."

Mzee Dzombo akaanza kucheka, polepole, peke yake, hadi kahawa ikamwagika kwenye kikoi kipya. Mzee Nasor akamfuata. Ngumbao alikaa mbele yao hajui acheke au aombe radhi, na nyuma ya pazia Mwanamina alikuwa amekaa chini sakafuni, analia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.